Kicheko Kilichokuwa Kwenye Kadi ya Wifi Yako

Studio ya Picha,
Mlango wa tatu, nyuma ya posta,
S.L.P. 318.
Tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umekaa kitako, na kama umesimama tafuta kiti kwanza. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Wapwa zangu nao wamefika vidato gani sasa, maana nikiwafikiria bado nawaona wakigombania baiskeli moja.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Kitinda mimba wetu, Kibonge, ameng'oa jino la mbele na anatembea nalo mfukoni akiwaonyesha watu. Studio inakwenda, watu hawaachi kuhitaji picha za pasipoti. Mimi mwenyewe siumwi popote, ila uso ndio sina pa kuuweka. Nitakueleza.

Barua hii nimeiandika mara tatu na mara tatu nimeichana. Ya kwanza ilijaa habari za mvua mwanzo hadi mwisho, nikaona huyu dada yangu si mtoto, atajua naficha kitu.

Unakumbuka wewe ndiye uliyemtia wifi yako maneno ya kurudi shule. Ulisema mwanamke aliyefundisha chekechea miaka kumi na sita ana haki ya kwenda chuo kikuu kuchukua digrii yake, na umri wa miaka arobaini na mmoja si ukuta. Mimi nilikubali mbele ya watu wote, tena kwa hotuba, nikasema mke msomi ni fahari ya nyumba. Kukubali mbele ya watu ni rahisi, Dada. Kazi iko nyumbani, mlango ukishafungwa.

Basi wiki ya kwanza tu akarudi na kadi. Kitambulisho cha mwanafunzi, kitu kidogo cha plastiki kisichojaza kiganja. Juu kina utepe wa bluu, chini kuna namba yake na neno MWANAFUNZI kwa herufi kubwa, nyuma kuna ile mistari myeusi inayosomwa na mashine. Alikitia kwenye mfuko wake wa plastiki, akakivaa shingoni kwa kamba, akakaa nacho mpaka wakati wa kula. Nikamuuliza kama atalala nacho. Akasema hajaamua.

Dada, hujui kadi ile inavyofanya kazi. Getini anaigusisha kwenye mashine, chuma kinazunguka, anapita. Maktaba anaazima vitabu vitano kwa mara moja bila kuulizwa na mtu. Kantini anakula kwa bei ya wanafunzi. Akiumwa kichwa anaingia zahanati ya chuo na kadi yake, anatoka na vidonge. Chumba cha kompyuta kina kiyoyozi, anakaa humo saa mbili nzima, na mimi huku studio nimefungua mlango na dirisha na bado jasho linanidondokea kwenye kamera. Miaka ishirini ya ndoa hakuna mlango uliowahi kumfungukia yeye ukanifungia mimi. Sasa ipo milango saba. Niliihesabu.

Siku moja ilinyesha, nikasema nitende wema, nikampelekea mwavuli. Mlinzi wa getini akaniomba kadi. Nikamwambia mimi ni mume wake. Akanitazama kwa huruma kabisa, akasema, "Mzee, mashine hii haisomi waume." Nikasimama na mwavuli wangu nje ya geti mpaka mke wangu akatoka, ametoka na wenzake watano, wanacheka, wote kadi shingoni. Mmoja ni kijana wa miwani wanamwita Profesa, ingawa ni mwaka wa kwanza kama yeye. Alikuwa amembebea mke wangu vitabu, tena kwa mikono miwili. Nikampa mwavuli mke wangu, nikalowa mimi.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kilichonila ni ile picha.

Unajua kazi yangu. Mwaka wa ishirini na mbili huu napiga picha za vitambulisho, na maneno yangu ni yale yale: tazama hapa, nyanyua kidevu, funga mdomo, usicheke. Mtaa mzima wanayajua. Kibonge huyaigiza mbele ya kioo, amekunja uso kama mimi. Mke wangu nimempiga picha za pasipoti labda mara kumi, na katika zote kumi ametulia, mdomo umefungwa, nyuma yake pazia langu la bluu. Picha safi, isiyorudishwa na ofisi yoyote.

Sasa kwenye kadi ile anacheka. Simaanishi tabasamu la adabu. Anacheka macho yamekaribia kufumba, na lile pengo lake la juu linaonekana, pengo ambalo mimi mumewe huliona kwa bahati mara moja kwa mwezi. Nikamuuliza nani amekupiga hii. Akasema watu wa ofisi ya kadi. Watu gani? Watu tu. Umesikia alivyojibu? Watu tu. Akaendelea kumenya viazi.

Nikabaki na hao watu tu kichwani miezi minne. Nilimtengeneza kabisa huyo mpiga picha, Dada. Nilimpa shati la kubana, nikampa manukato, nikampa maneno matamu ya kumwambia mke wa mtu aliyekaa kwenye stuli. Nilipomweleza jirani yangu fundi saa, badala ya kunituliza akashusha lenzi yake jichoni, akasema mke akicheka mbele ya kamera ya mwingine na wewe una kamera, hapo si suala la kamera. Kisha akaendelea na saa yake. Mimi siku ile sikupiga picha hata moja iliyonyooka.

Mama alikuwa akisema wivu ni kidonda. Nami nilikuwa nakitonesha kila jioni, maana kadi ilikuwa inatundikwa kwenye msumari pale mlangoni, na kila nikitoka au nikiingia namkuta mke wangu anamchekea mtu nisiyemjua.

Sasa sikiliza nilichofanya, na ukimaliza kusoma hapa usimwite shemeji kwanza.

Jumapili moja wifi yako alikwenda na Kibonge kumwona mama yake, akaiacha kadi msumarini. Nikaichukua, nikaenda nayo studio. Nikatafuta picha yake ya miaka mitatu iliyopita, ile niliyompiga mwenyewe, nikaichapa kwenye karatasi nyembamba kuliko zote nilizo nazo. Nikaikata kwa wembe, nikaibandika juu ya ile inayocheka, nikaweka utando wa plastiki juu yake, nikaipitisha kwenye mashine ya leminesheni kwa moto mdogo. Kingo nikazipunguza kwa msasa wa kucha. Mistari ya nyuma sikuigusa, mimi si mjinga wa kiasi hicho. Nikaitazama kwenye mwanga. Mungu anisamehe, Dada, nilifurahi. Nilisema sasa huyu ndiye mke wangu. Nikairudisha msumarini, nikapika hata chai.

Hakuona. Ana mazoea ya kuivaa picha ikitazama kifuani, ili ile mistari iwe nje, maana ndiyo inayotakiwa na mashine. Jumatatu asubuhi akaivaa hivyo hivyo akaondoka. Getini mashine ikasoma mistari, akapita. Kantini akanywa chai, akapita. Mashine hazina wivu wala macho.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba Jumatatu ile alikuwa na mtihani wake wa kwanza. Au alikuwa ameniambia. Nadhani aliniambia, nami nilikuwa nawaza manukato ya mtu.

Saa tatu na robo nilikuwa na mteja amekaa kwenye stuli, nimemwambia afunge mdomo, simu ikalia. Ni wifi yako. Alisema maneno machache tu: "Njoo chuoni sasa hivi. Na usiniambie hujui."

Nikatoka mbio. Mteja nilimwacha na kidevu chake juu, na nasikia alikaa hivyo dakika nyingi kabla fundi saa hajamwambia ashushe. Usafiri nao ulinisulubu, nikafika karibu saa nne na nusu, shati limeniganda mgongoni. Safari hii mlinzi hakuniomba kadi. Walikuwa wananisubiri.

Wakanipeleka ofisi ya nidhamu ya wanafunzi. Chumba chenye meza moja, kabati la chuma na saa ya ukutani inayopiga kelele kila sekunde. Mke wangu amekaa kwenye benchi, mikono mapajani. Afisa, baba mmoja mnene mwenye miwani kwenye paji la uso, alikuwa na kadi mbele yake, na kona ya picha yangu imebanduka. Kumbe kwenye chumba cha mtihani kadi huwekwa juu ya dawati, picha juu, na msimamizi hupita akilinganisha sura. Msimamizi wa siku ile, mama mmoja, alipitisha kidole, ukucha ukakwama kwenye ukingo. Akavuta kidogo, akaona mdomo mwingine chini ya mdomo. Akamtoa mke wangu mbele ya darasa zima, Profesa na wenzake wote wakitazama.

Afisa akaeleza taratibu. Kadi iliyochezewa huhesabiwa ya bandia. Mwenye kadi ya bandia kwenye mtihani huhesabiwa kuwa ametumwa kumfanyia mtu mwingine, au ana mpango. Mtihani hufutwa, na mtu husimamishwa mwaka mzima mpaka kamati ikae. Mtihani unaisha saa tano na nusu, akasema, na akaangalia ile saa.

Nikajaribu uongo, Dada. Sikufichi. Nikasema picha ilikuwa imefifia, mimi ni fundi, nikaona niirekebishe. Afisa akasema kadi ina miezi minne. Nikasema labda jua. Mke wangu alinigeuzia macho tu, na nikaona anangoja kujua ameolewa na nani. Saa inakwenda, kule ndani wenzake wanaandika.

Nikasema, "Nilimwonea wivu mke wangu. Ndiyo sababu."

Afisa alishusha miwani kutoka kwenye paji ili anione vizuri. Akanisukumia karatasi, akasema niandike hayo hayo. Nikaanza tangu siku ya mwavuli, nikajaza ukurasa, akanikatiza. Akasema andika ni wewe, andika yeye hakujua, tia sahihi. Nikaandika hivyo. Akagonga muhuri wa chuo juu ya wivu wangu, akautia kwenye faili, nakala akanipa niishike.

Kisha akataka kuhakikisha chini kuna nini, akavuta picha yangu yote. Unajua mimi gundi yangu haina mzaha. Picha ya chini ikaja nayo. Huku kukabaki plastiki nyeupe na jicho moja, kule nyuma ya karatasi yangu kukashika vipande vya kicheko, hapa jino, pale shavu. Akavitazama, akavitupa kwenye ndoo. Mimi ndiye niliyeona mke wangu alivyovifuata kwa macho mpaka kwenye ndoo.

Akasema mke wangu hana kosa, ila bila kadi yenye picha haruhusiwi kurudi ndani. Afisa akapiga simu ofisi ya kadi watupokee nje ya foleni, tukakimbia mimi na yeye, jengo la pili, ghorofa ya kwanza. Hata pale, Dada, na saa inatukimbia, mimi nawaza jambo lingine kabisa. Nilikuwa nakwenda kumwona yule mpiga picha. Nilikunja na mikono ya shati.

Mlango ukafunguliwa na mama wa makamo aliyevaa sweta na kandambili, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nikachungulia nyuma yake nimwone kijana. Hakuna kijana. Kuna stuli, kamera, mashine ya kuchapa na kikombe cha chai. Anafanya kazi peke yake mwaka wa tisa.

Akamtambua mke wangu mara moja. Akanitazama mimi na karatasi yenye muhuri, akasema, "Kumbe wewe ndiye mpiga picha. Huyu alinichelewesha siku ile. Namwambia tazama hapa, funga mdomo, usicheke, anaangua kicheko. Mara tatu. Ananiambia nisamehe mama, umeongea kama mume wangu. Ya nne nikachoka, nikampiga hivyo hivyo."

Dada, nilishika ukuta. Miezi minne namtafuta mwanamume aliyemchekesha mke wangu, kumbe ni mimi. Nilikuwa najionea wivu mwenyewe, na nimejikomoa mwenyewe, na nimemkomoa na yeye.

Mama yule hana muda wa mambo ya watu. Akamkalisha mke wangu kwenye stuli, akarudi nyuma ya kamera, akasema kama anavyosema kila siku: tazama hapa, nyanyua kidevu, funga mdomo, usicheke. Nikamtazama mke wangu. Sijawahi kuomba kitu kama nilivyoomba pale. Nilisema moyoni acheke, hata kwa kunidharau, acheke tu.

Hakucheka. Picha ilipatikana mara ya kwanza. Mdomo umefungwa, kidevu kimenyooka, ofisi yoyote duniani ingeipokea. Ndiyo picha niliyokuwa naitaka, Dada, ile ile.

Kadi ikatoka kwenye mashine ingali na joto. Akaichukua, akakimbia. Aliingia chumba cha mtihani saa tano kasoro dakika kumi, zimebaki dakika arobaini tu katika mtihani wa muda wa saa mbili na nusu. Mimi nilirudi nje ya geti, mahali pangu.

Sasa ni wiki ya tano. Hajanigombeza hata siku moja. Angenigombeza ningepona. Ananiambia asante nikimpa chai, ananiuliza kama nimekula, ananiita baba Kibonge kwa sauti ya mtu anayeongea na karani. Majibu yametoka juzi. Pasi ni arobaini, yeye amepata arobaini na mbili. Niliyajua kwa fundi saa, ambaye aliyajua kwa mkewe, ambaye aliambiwa na wifi yako mwenyewe wakichota maji bombani. Hata hapo wivu uliniuma, kwamba jirani ameijua furaha ya nyumba yangu kabla yangu. Nikampongeza. Akasema asante.

Na kadi siku hizi anaivaa picha ikitazama nje. Itatumika mpaka amalize, miaka mitatu. Akiazima kitabu, ni uso ule. Akienda zahanati, ni uso ule. Jioni inatundikwa msumarini, nami nikiingia na kutoka namkuta ananitazama kama alivyonitazama pale kwenye benchi.

Ndiyo nimefika kwenye shida yangu. Siri imemponyoka Kibonge. Anasema mama yake alipopata ile kadi ya kwanza alitoa nakala ya rangi, akakutumia wewe kwa posta, na nyuma akaandika neno. Miezi yote hii unayo, na mimi sikujua. Sikufichi, nilikuonea wivu hata wewe, dada yangu uliyenibeba mgongoni. Nakuomba uitume hapa studio. Sitaigusa kwa wembe wala gundi. Nataka kumwona tu mke wangu siku aliyocheka kwa ajili yangu na mimi sikuwepo.

Nisalimie shemeji, mwambie alale ubavu. Wasalimie wapwa zangu wote, na yule mkubwa anayejiandaa kwenda chuo mwambie picha ya kadi aende kapigwe na watu wa chuo, mjomba wake asihusike. Msalimie na bibi wa nyumba ya pili aliyekuwa akitupa ukoko, kama bado yupo. Mungu akulindie goti lako na akuzidishie subira, maana ndugu zako tunaimaliza.

Wako akupendaye, mdogo wako mkosefu,

Flashi.

Nimeshafunga bahasha nikaifungua tena. Ile nakala ukiituma, Dada, usiandike jina langu wala studio. Andika jina la wifi yako, uitume nyumbani. Usimwambie niliiomba. Ni kicheko chake mwenyewe, akipenda atanionyesha.